Mke wa Takaba

Kama unataka kuaibika kimyakimya, usiende Soko Mugdi siku ya Alhamisi. Vichochoro vya soko lile vimefunikwa juu kwa mabati na maturubai, watu hupishana kwa mabega, na neno likitamkwa duka la kwanza hufika duka la mwisho kabla mwenyewe hajafunga mdomo.

Ugbad alikuwa kwa Batula muuza nguo, akisubiri zamu yake. Alivaa baibui jeusi lenye tarizi ya zambarau kwenye mikono, na mkononi alishika kipande cha kitambaa alichotaka kulinganisha rangi. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye macawis ya buluu iliyofungwa vizuri kiunoni, shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya nakshi. Alinukia udi na, kwa mbali, alinukia mbuzi.

"Imekataa, aboowe," Batula alisema, akiitazama ile mashine ya kadi kana kwamba ndiyo yenye makosa. "Weka tena bole bole."

Mwanamume akaiweka tena. Mashine ikalia, ikakataa. Shingo tatu zikanyooshwa kutoka duka la jirani.

"Kwani besa hakuna?" mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekusudia asikike.

"Pesa ipo, eeddo. Kadi ndiyo imechoka na hili joto," mwanamume alijibu akicheka. "Hata plastiki ina haki ya kupumzika. Na simu nayo imezima. Leo mitambo yote imenigomea."

"Wacha mitambo," Batula alisema akimsukumia mfuko. "Mimi namjua mama yako. Mpelekee shash zake za kichwani, utaleta hiyo besa ukipita."

Hapo ndipo Ugbad aliposoma jina kwenye ile kadi iliyolala juu ya meza: Dekow Kadar. Asubuhi ile ile, saa tatu na nusu, kabla hata chai yake haijapoa, yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga.

Ugbad alikuwa ofisa wa kadi katika benki moja ya mjini Garissa. Mwenye kadi hununua leo, benki humlipia, naye hurudisha mwisho wa mwezi. Riba hakuna, ni ada ya mwaka tu. Lakini kila mwaka benki humchungulia tena mwenye kadi: anaingiza kiasi gani, anatoa kiasi gani, nani anamtegemea, kusudi asije akapewa kikomo cha kukopa kinachomzidi kimo. Asiyejibu maswali hayo hukumbushwa mara nne, halafu kadi yake hufungwa. Dekow Kadar alikuwa ameshakumbushwa mara nne.

Angeweza kunyamaza, anunue kitambaa chake aende zake. Tatizo la Ugbad ni kwamba ulimi wake haukufunzwa kuketi.

"Kadi haijachoka," alisema. "Nimeifunga mimi."

Mwanamume akageuka. Alikuwa na macho ya mtu anayecheka hata anaponyamaza, na ndevu fupi zilizochongwa kwa uangalifu.

"Wewe ndiye U. Abdinasir wa zile barua?"

"Ndiye."

"Wallahi nilidhani ni mzee mwenye upara!"

"Na mimi nilidhani wewe hujui kusoma. Barua nne, hukujibu hata moja."

"Ningejibuje? Uliniuliza nina ngamia wangapi. Abaayo, nani humuuliza mtu swali kama hilo waziwazi?"

"Nilikuuliza kwenye karatasi."

"Karatasi nayo ina macho." Akachukua mfuko wake, lakini miguu haikuondoka. "Sasa nifanye nini ili unisamehe?"

"Jumatatu, saa tatu. Njoo na kitambulisho na stetimenti za miezi sita."

"Na nikija na kibuyu cha maziwa ya ngamia?"

"Utayanywea nje kwa askari."

Wanawake wakaangua kicheko. Dekow akaondoka akitikisa kichwa, na Ugbad akagundua kwamba kitambaa chake kilikuwa kimeanguka sakafuni muda mrefu uliopita bila yeye kujua.

*

Jumatatu saa tatu kasoro dakika tano, Dekow alikuwa ameketi mbele ya meza yake na bahasha iliyojaa makaratasi.

Biashara yake ilikuwa mbuzi. Alinunua Liboi na Garissa, akawapakia kwenye malori yake mawili hadi Nairobi. Kadi ile ndiyo iliyolipia dizeli na ushuru wa njiani, na kwa sababu yake madereva hawakulazimika kusafiri na mabunda ya noti chini ya kiti.

"Ukiifunga," alisema, na mara hii hakuwa anacheka, "unawarudisha watu wangu barabarani na pesa taslimu. Unaijua barabara yenyewe."

"Naijua. Ndiyo maana nataka tumalize leo." Ugbad alivuta fomu. "Mwaka jana mwalimu mmoja alikuwa na kikomo kikubwa kuliko mshahara wake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alipokuja hapa akilia, tulikuwa tumeshachelewa. Mimi siulizi kwa udaku."

Dekow akamsikiliza kwa heshima. Walipofika kwenye mifugo, hakutamka kitu. Aliomba kipande cha karatasi, akaandika namba, akakikunja mara tatu, akakisukuma mezani huku akitazama dirishani. Ugbad akakikunjua, akasoma, akajaza fomu.

"Mashallah," alisema tu, kama inavyompasa mtu kusema mali isipatwe na kijicho, akakichana kile kikaratasi.

Dekow aliiona adabu ile, ikamgusa kuliko alivyotarajia.

"Wategemezi?"

"Mama yangu." Akasita. "Na watoto wanne. Wako Takaba."

Kalamu ya Ugbad ikasimama. Kwa nini ilisimama, hakutaka kujiuliza. "Una watoto?"

"Si wa kuzaa mimi." Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa na dereva, rafiki yangu tangu madrasa, akiitwa Nunow. Lori langu lilipinduka naye miaka mitatu iliyopita. Ameacha mke na watoto wanne huko Takaba. Nawalipia karo, nyumba na chakula. Hata mama yangu hajui. Ni sadaka ya siri, Ugbad. Lazima iandikwe?"

"Usipoiandika, kipato chako kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo, na utapewa kikomo cha uongo. Iandike. Haitatoka humu. Ni amana."

"Amana?"

"Amana."

Dekow akaiandika kwa mkono wake mwenyewe.

*

Wiki ile simu zikaanza, na zilianza kwa halali kabisa.

"Bwana Dekow, stetimenti ya mwezi wa tatu haipo."

"Mbuzi ameila."

"Mbuzi?"

"Nakuapia. Mbuzi wa Garissa wamesoma, ofisa. Chakula chao ni karatasi."

Siku iliyofuata stetimenti ilifika, haina hata alama ya jino. Kesho yake ni Dekow aliyepiga. "Ofisa, umekula?"

"Hilo swali liko kwenye fomu gani?"

"Kwenye fomu yangu mimi. Wewe umeniuliza maswali arobaini na moja, mimi nina haki ya moja kwa siku."

Ikawa moja kwa siku, kisha mawili, kisha yakawa hayahesabiki. Alimpigia akiwa sokoni, mbuzi wakilia nyuma yake. Alimpigia akiwa njiani Liboi, mtandao ukikatika kila walipofika penye utamu. Ugbad akaanza kuiweka simu karibu na sahani, jambo ambalo marehemu mama yake angelikemea.

Kulikuwa na hatua moja iliyobaki. Mteja asiye na mshahara, ofisa sharti aione nyumba yake. Dekow alikuwa safarini, akasema nenda tu, mama yupo. Basi Jumatano asubuhi Ugbad alifika mtaa wa Bulla Iftin akiwa na faili kwapani, akamkuta mama Abshiro kwenye mkeka wake, uso umetulia, vidole vimekolea hina.

"Karibu mtu ya benki," mama alisema kwa Kiswahili. Ugbad alimjibu kwa Kisomali, lakini mama hakubadilisha; kwake yeye serikali, daktari na benki ni watu wa Kiswahili, na huo ndio utaratibu.

"Mama, nyumba hii ni ya Dekow mwenyewe?"

"Yake. Alijenga yeye, na choo fizuri."

"Ana deni la mtu?"

"Hakuna."

"Ameoa?"

Mkono wa mama Abshiro, uliokuwa ukimimina chai, ukasimama hewani. Akamtazama mgeni kuanzia shash hadi viatu. Na hapo hapo, bila taarifa, akahamia Kisomali.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Abdinasir."

"Abdinasir yupi?"

Na Ugbad, kwa kuwa alilelewa vizuri, akataja babu hadi babu wa saba. Huko ndiko alikoteleza. Maana kwa watu wetu, kabla binti hajatolewa, wazee wake hupita kuuliza maswali yale yale: nyumba ni yake? ana deni? ana mke? anaishi na nani? Hakuna aliyewahi kumwambia mama Abshiro kwamba benki nayo huuliza hayo hayo. Yeye alichoona ni kwamba wasichana wa siku hizi hawatumi tena hata shangazi. Wanakuja wenyewe, na kalamu.

Faili likafungwa na mama mwenyewe. Ikaja pilau, ikaja nyama ya mbuzi, ikaja halwa. Kisha akaleta dabqaad, kile chetezo cha udongo, akafukiza uunsi, akaupitisha chini ya baibui la Ugbad mpaka nywele zikaingia harufu.

"Mwanangu haonyeshi," alimnong'oneza, "lakini ana moyo."

Ugbad alirudi kazini akinukia kama bibi harusi. Meneja alinusa, akainua kichwa. "Umetoka arusini?"

Alitaka kucheka, badala yake akafunga mlango, akaketi. "Meneja, nataka kujitoa kwenye faili la Dekow Kadar. Nina uhusiano na mteja."

"Uhusiano gani?"

"Bado haujapata jina."

"Sasa unatangaza kitu gani?"

"Leo nilipokuwa najumlisha kipato chake," Ugbad alisema, uso ukimwaka moto, "mkono ulitaka kumwongezea."

Meneja hakucheka. Alimpa fomu ya kujiondoa, Ugbad akaijaza, na faili likapelekwa Nairobi kwa ofisa mwingine aitwaye Weris. Ilikuwa tarehe sita. Ugbad hakumwambia Dekow, kwa sababu kumwambia kungekuwa kumtamkia la moyoni kabla yeye hajasema lake, na kiburi cha mwanamke nacho kina haki yake.

*

Tarehe kumi na moja simu iliita mchana, jua la kupasua mawe.

"Ugbad, niko kwenye ukaguzi Liboi. Wameshusha mbuzi wote mmoja mmoja. Nina saa nzima ya kusema ukweli."

"Sema."

"Nimekuzoea."

"Mtu huzoea hata mbu."

"Nakupenda basi! Umeridhika?"

Ugbad akaiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Ugbad? Mtandao umekatika?"

"Mtandao upo. Mimi ndiye sipo."

"Rudi basi, macaan, nikumalizie. Nikifika Garissa naenda kwa adeer wako."

"Nenda," alisema, akiwa ameegemea ukuta wa ofisi. "Lakini vaa viatu. Ukienda na ndara atakununua bei ya mbuzi."

Adeer Mohamedamin, ndugu wa baba yake, ndiye aliyemlea Ugbad tangu wazazi walipofariki. Alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa ndevu za hina na maneno machache, na hakuna aliyewahi kumuuzia ngamia kilema. Dekow alifika baada ya swala ya alasiri, amevaa viatu vinavyong'aa. Ugbad alikuwa jikoni, sikio lake likiwa sebuleni.

Walizungumza mvua, wakazungumza bei ya mbuzi. Kisha adeer akakohoa.

"Kijana, sisi hatukatai mke wa pili, dini imeruhusu. Tunachokataa ni kufichwa. Mke wako wa Takaba, na wale watoto wanne, ulipanga kututajia lini?"

Kijiko kikamponyoka Ugbad mkononi.

"Nani amekuambia hayo, adeer?" Dekow aliuliza.

"Najua ninachojua. Jibu."

"Nitarudi nikiwa na la kusema," Dekow alisema, akanyanyuka; kujitetea kungekuwa kuitangaza sadaka yake. Alipopita mlango wa jikoni alimtupia Ugbad jicho moja, na jicho lile lilimwingia hadi mifupani.

Simu ilikuja baada ya dakika ishirini.

"Takaba nilimwambia mtu mmoja tu duniani," alisema. Safari hii hakumwita macaan, mtamu wake.

"Dekow, nisikilize..."

"Ulisema amana."

"Nilisema, na ikabaki amana."

"Imefikaje kwa adeer wako?"

"Sijui."

"Hujui."

"Unaniuliza au umeshanihukumu?"

Dekow alikuwa na nafasi ya kujibu. Akachelewa. Ugbad akakata simu.

Hakuwa amekaa sawa adeer akaingia jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ndio uliomuumiza zaidi. "Ugbad, wewe faili lake umeliona. Ana mke au hana? Niambie neno moja tu, nami sitauliza la pili."

Neno moja. Hana. Angelitamka, jina la Dekow lingesafika palepale na ndoa yake ingekuwa mikononi mwake. Lakini angejuaje kama si kwa lile faili? Na aliahidi.

"Adeer, ya benki siyatoi nyumbani."

"Hata kwa ajili ya ndoa yako mwenyewe?"

"Hata kwa hiyo."

"Basi nimeelewa," adeer alisema kwa huzuni, na alichoelewa hakikuwa kweli. Ugbad akabaki amesimama mbele ya jiko, akilia. Lilikuwa jiko la gesi, hata moshi wa kusingizia halikuwa nao.

*

Siku tisa zilipita. Alikula kwa sababu chakula kililetwa. Kazini alitabasamu kwa wateja, nyumbani aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Kilichomchoma hakikuwa kuachwa. Watu huachwa wakapona. Kilichomchoma ni kwamba yule aliyemlindia siri kwa gharama ya furaha yake ndiye aliyeamini kwamba ameiuza.

Siku ya kumi benki ilijaa hadi mlangoni, na Ugbad alikuwa amewekwa kusaidia dirishani.

"Namba hamsini na mbili, dirisha la tatu."

Akainua macho. Dekow alikuwa amesimama mbele ya kioo, tiketi ya foleni mkononi, shati limekunjamana kama la mtu aliyelala nalo.

"Nikusaidie nini?" alimuuliza, kwa sauti anayowapa wote.

"Nina malalamiko."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya mteja wenu mmoja mpumbavu. Anaitwa Dekow."

"Kuna fomu kule pembeni."

"Ugbad, nisikilize kwanza, halafu unifukuze." Aliinama hadi kwenye tundu la kioo. "Jana Weris alinipigia kutoka Nairobi. Kikomo changu kimepunguzwa nusu."

"Pole."

"Ni haki, nimekubali. Nitaendesha lori moja kwa kadi mpaka nijipange. Silo lililonileta. Nilimuuliza, mbona unapiga wewe, si Ugbad? Akasema faili langu ulilitoa mwenyewe tarehe sita, kwa sababu ofisa mwenye uhusiano na mteja hujiondoa. Tarehe sita! Mimi nilikuambia nakupenda tarehe kumi na moja."

"Sasa unajua nani alitangulia," Ugbad alisema.

"Nikaenda nyumbani kichwa kimevurugika, nikamweleza mama yote. Unajua alifanya nini? Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe yule mjane wa Nunow humpigia simu kila Idi kumshukuru kwa kunizaa. Miaka mitatu mama anajua, ananiacha nijifiche kama mwizi. Ulipokuja na fomu yako akadhani umekuja kunichunguza uchumba. Akaenda kujisifu kwa Batula kwamba mwanawe anatunza mjane na yatima wanne Takaba."

"Na Batula akawaambia wateja wake."

"Na wateja wake wakaniozesha."

Ugbad alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kuuma mdomo. Nyuma ya Dekow foleni ilikuwa imeacha kunung'unika, ilikuwa inasikiliza.

"Na sokoni adeer wako amelalamika kwamba alikubana useme, ukakataa. Kwa nini hukusema, Ugbad? Neno moja tu lingenitakasa."

"Halikuwa neno langu. Lilikuwa lako."

Dekow akainamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujali nani anamwona. "Nilikushuku kwa kitu kile kile ulichokuwa unanilindia. Sina la kujitetea. Nisamehe."

Mkono wa Ugbad ulikuwa juu ya muhuri, ukiupapasa tu.

"Msamehe, mwanangu!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Msamehe tusonge, mimi nimekuja kutoa pesa ya dawa!"

Benki nzima ikacheka, hata askari mlangoni. Ugbad naye akashindwa kujizuia.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sikiliza vizuri. Siku nyingine ukinishuku, uliza. Na ukishauliza, ngoja jibu."

"Nitangoja hata mwaka."

"Basi toka hapo. Namba hamsini na tatu!"

*

Jioni ile ile mama Abshiro alikwenda mwenyewe kwa adeer Mohamedamin pamoja na Dekow, akaeleza alichosema kwa Batula na asichosema. Adeer alisikiliza akikuna ndevu zake. Alipomaliza kuomba radhi kwa Dekow, alimgeukia Ugbad, aliyekuwa ameshika sinia la chai mlangoni.

"Ulikuwa unajua siku zote kwamba hana mke?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nimvunjie heshima mtu unayemtaka?"

"Ilikuwa siri ya mteja, adeer."

Mzee alimpokea lile sinia. "Siku yangu ikifika," alimwambia mama Abshiro, "wasia wangu utakaa kwa binti huyu."

Ndoa ilipangwa baada ya mwezi. Siku yenyewe wanaume waliketi ukumbini na sheikh, wanawake chumba cha pili, ukuta mmoja katikati. Ugbad alivaa dirac ya rangi ya zafarani, nyepesi hadi inaonyesha sketi ya gorgorad ya hariri chini yake, na hina imempanda hadi viwikoni. Batula alikuwa hapo, mnyenyekevu kuliko kawaida yake, akigawa sambusa kama anayelipa kafara.

Adeer akabisha mlango. Sheikh alitaka kujua bibi harusi anataka mahari gani, maana mahari ni haki yake mwenyewe kuitaja. Wanawake wakasogea; walikuwa tayari kukisia uzito wa dhahabu.

"Ngamia jike mmoja," Ugbad alisema. "Awe na maziwa."

"Ngamia?" Batula alishindwa kujizuia. "Utamfuga wapi, ndani ya benki?"

"Anunuliwe Takaba, abaki Takaba. Maziwa yake ni ya watoto wa Nunow."

Kila aliyekuwemo aliijua irmaansi: mwenye mnyama wa maziwa humwazimisha kwa nyumba isiyo na maziwa, wakamkama, wakanywa, na mnyama akabaki wake. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia bibi harusi akiazima mahari yake kabla hajaipokea. Mama Abshiro alijifunika uso kwa pembe ya shash. Adeer alirudi ukumbini, wakamsikia akiitangaza mahari ile mara mbili.

Upande wa pili wa ukuta sheikh alimuuliza Dekow kama amekubali ndoa na mahari; aliuliza mara moja, akauliza mara ya pili. Ndipo simu ya Ugbad ikatetemeka mapajani.

"Ugbad." Alikuwa Dekow.

"Naam."

"Uko na watu?"

"Wanawake arobaini. Wote wametega masikio."

"Umenimaliza, macaan. Ile ilikuwa sadaka yangu ya peke yangu."

"Najua. Sasa ni ya wawili."

Alimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake sheikh akilalamika kwamba hajapata kuona bwana harusi anayepiga simu katikati ya nikaha.

"Sheikh anakungoja, Dekow," alisema polepole. "Mjibu."

"Nimekubali," Dekow akasema, na Ugbad alilisikia mara mbili, kwenye simu na kupitia ukutani.